Nusu ya Mukate mu Ekran

Kisenge, 9 Novemba 2024

Kwako yaya Mbuyi,

Moyo webe. Nakusalimia. Huku tuko bazima, ni Mungu tu. Bwana yangu Dady eko anafundisha kila siku, lakini chaki iliisha ku masomo, sasa anaandika ku ubao na kipande ya muhogo ya kukauka. Ntumba aling'oka meno mbili ya mbele, anasema na hewa. Samy anatembea, na kila kitu yenye anakuta chini anatia mu kinywa. Mahindi tulishapanda. Unisalimie Mama Mwa Mbuyi. Unaona, hata kumusalimia mama yetu ni lazima nitaje jina yako. Mama wa mapasa banamuitaka jina ya ule mwenye alitoka wa kwanza, na wa pili ni kama alibaki mu tumbo.

Najua tangu mwezi wa sita hatusemezani. Mi njo nilikuambia usinipigie tena simu, na wewe ulitii, kitu yenye haukufanyaka hata siku moja. Njo maana nakuandikia karatasi. Tata Kabasele, shofele wa bisi yenu, alikubali kubeba barua mu sakoshi yake.

Sasa jambo yenyewe. Juzi mama Huguette, ule mwenye anauzishaka samaki ya kukauka mu soko yetu, alirudia kutoka Kolwezi. Hata hakushusha mizigo. Alisema, "Mama Kabanga, nilikuona ku parking ya Manika, mu ekran, televizio kubwa sawa mulango. Bisi yetu ilikuwa inatoka, nilikuona kupitia mu dirisha, uso yako yote, na batu balisimama banaangalia." Nikamuambia si mi, ni yaya yangu, dada mukubwa, ule wa ajansi ya bisi. Alicheka, akasema mapasa banatesaka macho ya batu.

Nilicheka na yeye. Kisha alienda, na mi nilibaki na fagio mu mukono. Sitakuficha. Niliona wivu. Nilifagia mahali pamoja mpaka nikatoboa shimo mu udongo ya lupango.

Unajua sheria yetu. Wakati tulikuwa batoto, mutu akileta nguo moja ya wewe tu, tata yetu Tshibangu, Mungu amupumuzishe, alikuwa anairudisha. Alikuwa anasema, "Kwa mapasa unaleta mbili, ao unakata katikati, ao unarudia na yako." Sheria ile bankambo, bababu yetu, balitoka nayo Kasai, balipanda nayo mu treni wakati baliitwa ku kazi ya mine, kuchimba shaba, na haikuanguka mu njia. Sasa mwezi wa sita ajansi ilikupa kikwembe, kitambaa ya yadi sita, ju ya myaka yako kumi ya kazi. Ulikataa kuikata. Ulisema, "Hii nilipata ku kazi, sikuipata ku tumbo." Tulipigana kelele mbele ya Mama mpaka jirani alizima redio yake asikie muzuri. Nilirudia Kisenge mikono mitupu.

Na leo uko mu ekran, na haukuniambia. Sijui namna gani banakataka filme katikati. Lakini wewe njo mwenye akili, utajua.

Ni mi mwenye alitoka nyuma,
Kabanga


Kolwezi, 1 Desemba 2024

Mudogo wangu Kabanga,

Salamu kwako, kwa shemeji Dady na kwa batoto. Barua yako ilifika kona moja imelowana. Tata Kabasele anasema bisi ililala siku mbili mu matope kisha kupita Mutshatsha, na batu balikula mihogo mibichi ya shamba ya batu. Hapa tuko bazima. Mama anakula, magoti tu njo inamusumbua, na macho, ya mbali anaona sawa moshi. Manika ni vumbi asubuhi na matope kisha saa nane. Wiki ingine taxi-moto, ile pikipiki ya abiria, ilinimwagia matope mpaka mu shingo, na nilikuwa naenda kanisani.

Unauliza ju ya ekran. Basi nikuelezee. Ajansi ilitia ekran mu chumba ya kungojea, juu ya banki ya kuketia, inaangalia gishe yangu ya tiketi sawasawa. Inaonyeshaka saa ya bisi, koro ya nyimbo ya kanisa na mpira. Mwezi wa saba mwanamuke mumoja, Chancelle, mutoto wa hapa hapa Kolwezi, alimuomba patroni, mukubwa wa ajansi, amupe dakika ine kati ya koro na mpira. Anafanyaka filme, lakini hapana filme ya hadithi. Hakuna mutu anapigana, hakuna mutu anaoa, hakuna mutu anasema hata neno. Yeye anaita vile kazi ya sanaa, na anasema mahali pake si mu nyumba ya batajiri, ni pale batu banangoja. Mwanzo balimuzomea, balitaka mpira. Sasa banangoja ile dakika ine. Nilishaona mwanaume mumoja kuachwa na bisi ya Fungurume ju ya kuangalia.

Ndiyo, kuko uso mu ekran. Ndiyo, batu bananisalimia. Banasema, "Mama wa ekran, niuzishie tiketi." Patroni, mwenye kwa myaka kumi alikuwa ananiita "gishe mbili", leo ananiita mama Mbuyi. Na mwezi wa pili nitaenda Lubumbashi na Chancelle, ju filme itaonyeshwa ku gare ya treni pale, na batu bakubwa batakuwa.

Unataka nusu. Kabanga, nusu ya nini? Wewe uko na bwana. Uko na Ntumba na Samy. Unakumbuka siku Dady alikuja mara ya kwanza ku nyumba? Alinikuta mi ku mulango. Alifikiri mi ni wewe, alishika mukono yangu na mikono yake mbili, alisema maneno yenye sitaandika hapa. Kisha ulitoka ku kisima na ndoo, na alisema, "Oh, pole, nilikosea." Aliacha mukono yangu pale hewani, akaenda kukupokea ndoo. Niliomba nusu ya Dady? Sikuomba. Nilipika ku ndoa yako, masufuria tatu ya bukari ya mahindi, na nilicheza mpaka jasho.

Basi hii moja uniachie.

Yaya yako,
Mbuyi


Kolwezi, 14 Desemba 2024
(Hii niliandika, sikuituma.)

Kabanga,

Mu ekran si mi. Ni wewe.

Unakumbuka ile siku ya mwezi wa sita, kesho yake ya makelele ya kikwembe. Ulifika ku ajansi saa moja ya asubuhi. Bisi ya Kisenge ilikuwa imeharibika, ulingoja mpaka saa kumi. Masaa tisa. Uliketi ku banki mbele kabisa ya gishe yangu, na mi sikutoka. Nilikuwa nauzisha tiketi kwa batu ya Likasi na Fungurume, nilikuwa nakuona kati ya bichwa ya batu, na nilijifanya napanga karatasi yenye ilikuwa imeshapangwa. Kuko mwanamuke alikuomba ruhusa akukamate foto. Ulitikisa kichwa tu, ulikuwa umechoka. Ni Chancelle, na haikuwa foto.

Mu ile filme umevaa kikwembe yako ya zamani ya ndege ya kijani, yenye ilipauka. Unatoa mukate mu mufuko. Unaikata katikati na bidole. Unapima. Upande moja ni kubwa, unabandua kipande, unaiongeza ku ule mwingine mpaka inakuwa sawa. Nusu moja unakula. Nusu ingine unaishika mu mukono wazi, juu ya goti. Inzi inakuja, unaifukuza. Unaangalia mbele. Unangoja. Njo yote, hakuna kitu ingine mu filme.

Na batu banabishana kila siku pale ku banki. Mumoja anasema nusu ile ni ya bwana mwenye alikufa. Mwingine anasema ni ya mutoto mwenye alibaki mu shimo ya madini. Pasta mumoja alihubiri ju yake mu bisi, akasema nusu ni ya Bwana Yesu mwenye atarudia. Mi niko nyuma ya kioo, nasikia, na najua. Unaangalia mbele, na mbele yako kulikuwa gishe yangu. Nusu ilikuwa yangu.

Wakati bisi ilipiga honi ulikuja, ulisukuma mukate mu tundu ya gishe. Ulisema, "Yaya, kamata." Nilikuwa nimekupa mugongo. Kisha ulienda, na mi niliikamata, nikaitupa mu pipa ya takataka. Njaa ilikuwa inaniuma, nilikuwa sijakula tangu asubuhi, na niliitupa.

Namna gani nilianza kusema bongo, kudanganya batu? Muzee mumoja alikuja ku gishe, aliangalia ekran, akaniangalia, akasema, "Ni wewe." Nilimukatia tiketi tu. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa mama, na mutoto ku mugongo. Alisema, "Mama, uko na uso ya mutu mwenye anajua kupenda." Kabanga, tangu nizaliwe hakuna mutu aliniambiaka vile. Nikasema ndiyo, ni mi. Kisha Chancelle alifika, alinikumbatia mbele ya batu yote, na neno ilishapita, siwezi kuirudisha.

Nakuonea wivu. Nimeandika, na mukono haikukauka. Mi nilitoka wa kwanza, nilifungua mulango, na mu mulango ile uliingia wewe na kukuta meza iko tayari. Unaketi tu ku banki, hausemi kitu, na batu banaachwa na bisi ju ya kukuangalia. Mi mwenye naongea siku yote, niko mutu wa tiketi.

Mama alikuja mara moja kuniletea chakula. Ya mbali haoni, lakini alisimama chini ya ekran, akainua kichwa, akasema polepole, "Uyu ni Kabanga." Nilisema hapana, Mama. Aliniangalia. Alifunika sahani yake tena na kitambaa, akaenda nayo.


Kisenge, 20 Januari 2025

Yaya Mbuyi,

Mwaka mupya iwe ya amani kwako na kwa Mama. Barua yako ya Desemba ilinifikia kisha Noeli. Daraja ilibebwa na maji, na bisi ilibaki ng'ambo siku kumi. Ntumba alikuwa na malaria, alishapona, alikonda lakini kinywa yake haikukonda. Dady anakusalimia. Nilimusomea ile ya siku alikukosea ku mulango. Aliona haya, akatoka kwenda kukata kuni, na kuni ilikuwa tayari.

Mi sikujua, yaya. Myaka kumi na mbili na sikujua. Ile masufuria tatu ya bukari, nilifikiri ulikuwa unafurahi tu.

Lakini nirudie ku ekran. Mama Huguette alienda tena Kolwezi kununua samaki. Safari hii alingoja bisi siku nzima, na aliona filme mara kumi. Alinielezea yote. Alisema mwanamuke anatoa mukate, anaikata katikati, anapima mpaka inakuwa sawa, anakula nusu, na ingine anashika mu mukono na kungoja. Alisema batu banauliza nusu ni ya nani, na hakuna mwenye anajua.

Nilikaa chini ku kizingiti. Niliwaza, kumbe Mbuyi alikata mukate. Mbuyi, mwenye alikataa kukata kikwembe. Niliwaza, labda ilikuwa wakati mi nilishaenda, labda moyo yake ilimugonga, akaketi pale ku banki kwenye niliketi, akanikatia nusu na kuishika.

Kama ni vile, sitaki kitu ingine. Kikwembe baki nayo. Lubumbashi enda. Niambie tu neno moja: nusu ile ulimushikia nani?

Nangoja.

Kabanga


Kolwezi, 22 Februari 2025

Kabanga,

Salamu. Tuko bazima. Mama anasema batoto bavae biatu, matope ya mwaka hii iko na bidudu.

Nilirudia juzi kutoka Lubumbashi. Balitia ekran ku gare, pale juu ya mulango ya reli, na biti ilipangwa juu ya quai, pale batu banangojeaka treni, batu baliketi kama kanisani. Nilivaa ile kikwembe. Nilishona yadi tatu, robo, gauni ya mikono ya kuvimba, na tatu ingine nilifunga ku kiuno. Baliniketisha mbele. Filme ilipita. Hata babeba-mizigo ya gare balisimama na mizigo ku kichwa.

Kisha bwana mumoja mwenye miwani alisimama, akauliza, "Mama, tunaomba utuambie. Nusu ilikuwa ya nani?" Chancelle alinipa mikro ya kusemea.

Nilisema, "Ya pacha wangu."

Balipiga makofi mpaka ndege ilitoka mu paa. Mwanamuke mumoja alilia. Basi, uliuliza neno moja, nimekuandikia tatu.

Kazi iko mingi, naacha hapa.

Mbuyi


Kolwezi, 15 Machi 2025

Kabanga,

Hujajibu. Tata Kabasele alirudia mara mbili na sakoshi tupu. Nilimuuliza kama alikuona ku Kisenge, akasema ndiyo, alikuona ku soko, ulimusalimia muzuri, ukamupa karanga ya mu njia, haukumupa barua.

Nikuambie ya Mama. Tangu nilirudia kutoka Lubumbashi, kila siku kisha kula anachukua fimbo yake, anapanda taxi-moto, mwanamuke wa myaka sabini na miwili, magoti yake vile, na anakuja hapa ku ajansi. Haji kwangu. Anaketi ku banki, chini kabisa ya ekran, karibu mpaka shingo yake inavunjika. Filme ikipita anaangalia. Ikiisha anangoja mpaka irudie. Juzi msafiri mumoja alimuuliza, "Mama, unamuangalia mutoto wako wa gishe?" Alijibu na sauti yake ile ya kanisa, gishe zote zilisikia: "Wa gishe namuona ku nyumba. Nimekuja kumuona wa Kisenge."

Batu baligeuka kuniangalia. Nilifunga gishe, nikatia kibao ya "tunarudia", nikakaa chini nyuma ya meza kati ya sanduku ya makarto.

Sikuona haya ya batu, Kabanga, usifikiri. Niliona wivu. Hata pale. Mama anapanda taxi-moto ju ya kuona picha yako, na mi niko ku nyumba yake kila siku, namuoshea miguu. Wivu yangu haina adabu, haijui hata saa ya kunyamaza.

Natia mu bahasha hii barua niliandika Desemba, sikuituma. Isome yote. Mi sitaongeza kitu juu yake.

Nilienda pia kumuona Chancelle. Nilimuambia. Hakuuliza ju yangu hata neno. Aliuliza, "Yeye eko wapi?" Nilimupa jina yako na Kisenge. Ku ekran sasa, mwisho ya filme, aliandika: Kabanga, anangoja bisi. Patroni ameanza tena kuniita gishe mbili.

Mu mufuko ya plastiki utakuta yadi tatu. Zile nilikuwa nimeshashona, nilizifungua uzi na uzi, ziko na matundu ya sindano, nabaki nazo. Nilikuachia zile hazikuguswa.

Tata Kabasele anaondoka kesho kama mvua inakubali.

Mbuyi


Kisenge, 6 Aprili 2025

Yaya Mbuyi,

Moyo webe. Tuko bazima. Mahindi ya kwanza tulishavunja, ni tamu. Samy amejifunza kusema "hapana", na hasemi kitu ingine.

Barua yako na mufuko ya plastiki nilikuta ku nyumba tarehe ishirini na tano. Sikuwa Kisenge. Tulipishana mu njia, wewe mu sakoshi ya Tata Kabasele, mi juu ya kamio, lori ya manganese yenye ilikuwa inaenda Kolwezi. Pale Kasaji niliona bisi yenu imezama mu matope ng'ambo ya barabara, na sikujua kama uko ndani.

Mi nilijua, yaya. Tangu siku Huguette alinielezea mukate, nilijua. Mutu anaweza kusahau uso yake, ju hajionaka, lakini mutu hasahau mukate yenye alishika masaa. Ile barua ya Januari nilikuandikia kwa kusudi. Nilikuachia mulango wazi, nikakaa nyuma yake nione kama utapita. Ulinijibu ya makofi na ndege ya paa. Njo maana sikujibu tena. Nilisema, nitaenda kuona na macho yangu.

Nilifika Manika tarehe kumi na nane, kisha saa sita. Nilifunga kitambaa mpaka ku nyusi. Chumba ilikuwa imejaa. Kijana mumoja alinipisha ku banki, akaniangalia, akasema, "Mama, unafanana kidogo na ule wa gishe." Nikamuambia banasemaka vile.

Mama alikuwa pale. Niliketi kando yake. Aliendelea kuangalia ekran. Kisha alitia mukono yake mu yangu, hakugeuka hata kidogo, akasema, "Umekonda."

Kisha koro iliisha na filme ikapita. Nilijiona. Yaya, nitakuambia kitu na usicheke. Nilimuonea wivu ule mwanamuke. Mi, nilimuonea wivu mi. Ju eko na nusu mu mukono, na eko anaangalia mbele, na anaamini kabisa kama mulango ya gishe itafunguka. Nilitamani kumuambia ateremushe mukono, alale kidogo. Jina yangu niliiona ku mwisho, sikuelewa nani aliitia. Nilifikiri ni Mama.

Niligeuka nikakuona. Ulikuwa nyuma ya kioo, kichwa chini, unapanga karatasi. Kati yetu kulikuwa batu kama kumi na tano. Nilikuwa na mukate, nilinunua ku mulango. Mama aliiangalia, akangoja aone nitafanya nini.

Sikuikata. Nilikula yote. Nilikula polepole, mpaka makombo ya ku goti, chini ya uso yangu mwenyewe, na haukuinua macho. Kisha nilimubusu Mama, nikarudia na kamio ile ile. Mwanzo wa njia nilikuwa najisikia muzuri, sitasema bongo. Furaha ile ilifika nami mpaka Mutshatsha. Kufika Kasaji ilikuwa imeisha, na nilitafuta makombo mu kikwembe yangu, hata moja haikubaki.

Ku nyumba nilikuta barua yako. Dady alinisomea, ju mi nilishindwa kupita pale pa pipa ya takataka. Alisoma mpaka mwisho, kisha alisema, "Alikuwa na njaa siku ile."

Yadi tatu nimepokea. Sikuishona bado. Niliitandika ku kitanda, nikatafuta matundu ya sindano, nikakumbuka kama ulibaki na yenye matundu. Tata Tshibangu angekubali.

Lakini mukate haitumwi mu sakoshi ya shofele. Nikikutumia nusu itafika na ukungu. Kama unaitaka, ukuje. Usiombe Tata Kabasele akutie mbele kando yake, na usipite mulango ya batumikaji. Nunua tiketi ku gishe ya mutu mwingine. Keti ku banki, pale pale, mbele ya gishe yako yenye itakuwa imefungwa, na ungoje bisi ya Kisenge. Itachelewa, unajua kunishinda. Mapasa banapewa sawa sawa, na kungoja vilevile. Yangu nilishangoja masaa tisa.

Mi nitakuwa ku soko yetu pale bisi inasimamaka, kila siku ya juma tatu na ya ijumaa, na mukate mu mufuko. Sitaikata mpaka ushuke.

Na kama Chancelle eko pale na kamera yake, mwambie akukamate. Siku ile itakuwa kweli ni wewe.

Kabanga